Maji Hayakugusa Ardhi

Ninaandika haya nimesimama. Kiti kipo nyuma yangu, na Tantine Béa, mwenye saluni hii, ameshaniambia nikae, lakini leo sitaki. Karatasi iko juu ya meza ya vitana, kati ya makopo ya mafuta na pakiti za rasta, na mimi nimesimama kwa miguu yangu miwili kama mtu anayeringa. Naringa kweli. Kama wewe unayesoma umelala kitandani na miguu yako haikusikii tena, nivumilie. Naringa kwa niaba yako.

Naitwa Furaha. Nimezaliwa Bukavu, ninaishi Brussels, mtaa wa Evere, na mama yangu, na ninasuka nywele hapa kwenye Galerie d'Ixelles. Kusuka hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza juu ya mwanasesere, kisha juu ya kichwa cha Maman, kisha juu ya kichwa cha yeyote aliyekubali kukaa. Kifaransa cha kuandika pia nilijifunza hivyo hivyo, kwenye magazeti ya wateja. Labda ndiyo sababu sijiamini: mtu aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Mstari wa nywele ukipinda kidogo, mimi nafumua. Mteja analalamika kwamba kichwa kinamuuma, mimi nafumua. Tantine Béa, ambaye ni mtu wa Lubumbashi na haogopi kusema, alikuwa ananiambia mbele ya watu wote:

"Furaha, huyu maman alikuja na batoto wadogo. Ukimaliza kumusuka, watakuwa wameoa!"

Ugonjwa ulinikuta hivyo, nikihangaikia mistari.

Ilikuwa mwaka ule Zaire iliporudishiwa jina la Congo, majani yakiwa yameshadondoka yote kwenye miti ya Evere. Niliumwa tumbo kwa siku chache, likapona, nikalisahau. Kisha vidole vya miguu vikaanza kuwashwa kama nimekanyaga siafu. Baadaye ncha za vidole vya mikono. Nikafumua kichwa cha mteja mmoja tena na tena, maana vidole havikuhisi tena unywele. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikisema ndipo itakuwa kweli. Nilipanda tramu nikijivuta kwa mikono, mguu ukipiga sakafu kama kandambili, nikamwambia Maman kwamba viatu ni vipya.

Asubuhi moja Maman alisimama mlangoni amevaa koti.

"Furaha, simama. Tunachelewa."

"Maman, miguu haiko."

"Haiko namna gani? Njo ile naiona pale!"

Alivuta blanketi. Miguu ilikuwepo, kama alivyosema, imelala sambamba, mizuri, si yangu.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Una majina mawili ya madaktari wa zamani, na ukitaka kuujua kuna vitabu. Mimi walinieleza hivi: mwili umekosea, umeshambulia neva zake wenyewe, neva zimechubuka ganda kama waya wa umeme, na ganda litaota tena polepole. "Polepole" ndilo neno nililolishika, na ndilo nililolichukia.

Ganzi ilipanda. Ilifika magotini, kiunoni, mikononi, kisha upande mmoja wa uso ukalala. Walinichoma sindano mgongoni. Walinitundikia dripu siku kadhaa mfululizo, na kila baada ya muda muuguzi alikuja na mrija akaniambia nipulize, waone kama kifua nacho kinaniacha. Nilipuliza kama mtu anayefanya mtihani. Nilikuwa namuuliza muuguzi, "Hii ilikuwa nzuri? Nzuri kuliko ile?" Alinitazama kwa huruma. Hata katika kupumua nilitaka kuwa wa kwanza.

Maman alikuwa anasubiri kwenye kile chumba chenye viti vya plastiki na mashine ya kahawa. Baadaye aliniambia kwamba watu wa pale wanajuana bila kuambiana majina: mume wa yule wa kitanda cha dirishani, dada wa yule wa ajali ya pikipiki. Yeye alikuwa "maman mwenye termosi". Aliwapa wote chai. Siku daktari alipotoka kumwambia kwamba kifua kimeshinda, kwamba ganzi imesimama na haitapanda tena, chumba kizima kilipiga makofi, na yule mume wa mgonjwa wa dirishani, ambaye habari zake zilikuwa mbaya, ndiye aliyempigia makofi kuliko wote.

Kisha ikaja kazi ya kunigeuza. Maman anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mchana kutwa anageuza wazee wa Kibelgiji, anawaosha, anawalisha. Jioni alikuja kunigeuza mimi. Alikuwa na mikono ya fundi: mkono mmoja nyuma ya bega, mmoja chini ya nyonga, hop, nimegeuka. Nilimchukia kwa ule ustadi. Nilitaka ashindwe kidogo, ili tuwe sawa. Siku moja alinipa supu ikanidondoka upande wa mdomo uliolala, akaifuta kabla sijaihisi, nami nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alikunja kitambaa, akanifuta tena, akaenda kusimama kwenye korido. Unayehudumiwa na mama yako, ujue: hasira yako itamwangukia yeye kwa sababu yeye ndiye haondoki.

Theluji ilipoanza walinihamishia wodi ya mazoezi. Kitanda cha pili kilikuwa na mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe na miwani minene, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye barafu. Maman alikuwa anapanga nguo zangu huku akinung'unika kuhusu chakula cha pale, na sauti ikatoka kitandani:

"Hata mimi hizo viazi zimenichosha, mama. Hawa watu hawajui chumvi?"

Maman aliacha nguo zikaanguka.

"Yesu! Muhindi anasema Kiswahili!"

"Mimi ni mtoto wa Kisumu," akasema yule mama. "Kiswahili nimezaliwa nacho. Nyinyi ndio mnakikatakata."

Hivyo ndivyo tulivyompata Mama Sharda. Babu yake alitoka Punjab kuja kujenga reli. Yeye alizaliwa Kisumu, akaolewa Bujumbura na mwenye duka la vipuri vya magari, na duka lilipofungwa wakaja Brussels, Saint-Gilles, ambako alifiwa na mume na kubaki na mwanawe Anil. Nyama hakula. Tulibadilishana: mimi nilimpa mtindi wangu, yeye akanipa kuku wake, na Maman alipoleta sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaangwa, Mama Sharda aligeukia ukuta na kuziba pua kwa ushungi wake huku akicheka.

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu mwezi wa Shravan.

Ni mwezi mtakatifu wa mungu wao Shiva, alisema, unaangukia Julai na Agosti, wakati mvua inanyesha India. Katika mwezi huo watu wa kaskazini wanakwenda kwenye mto Ganga, wanachota maji, na kuyabeba kwa miguu hadi kwenye hekalu la kijiji chao, hata kama ni mwendo wa siku nyingi. Wanayabeba kwenye mzega, ufito wa begani wenye chungu kila upande, uliopambwa kwa vitambaa na kengele. Wakifika wanayamwaga juu ya jiwe la Shiva. Baba yake aliufanya mwendo huo alipopelekwa India akiwa kijana.

"Na sheria kubwa ni moja tu," akasema. "Yale maji hayagusi chini. Toka mtoni mpaka kwa Shiva, chungu hakigusi ardhi."

Kitu kingine alichoniambia nilikipenda zaidi. Njiani hakuna mwenye jina. Tajiri, fukara, hakimu, mwizi, wote wanaitana Bhole. Ni jina la Shiva mwenyewe, maana yake asiye na hila. Bhole, sogea. Bhole, kunywa chai. Basi kuanzia asubuhi iliyofuata tukaanza kuitana hivyo.

"Bhole, umelala?"

"Sijalala, Bhole. Kidole kikubwa cha mguu kinawasha."

"Kinawasha! Hiyo si habari mbaya!"

Hakika haikuwa. Kidole hicho kilikuwa cha kwanza kurudi.

Tangu afike Brussels, Mama Sharda alikuwa na desturi yake. Alikuwa na kopo la shaba lililofungwa, lenye maji ya Ganga aliyoletewa na mpwa wake. Kila mwaka, Jumatatu moja ya Shravan, alichanganya matone yake na maji ya bomba, akayatembeza mitaani hadi kwenye hekalu dogo la Saint-Gilles, ambalo ni chumba cha chini cha nyumba ya zamani. Sasa nyonga ilikuwa imefanyiwa upasuaji mara mbili na haikushika vizuri. Daktari alimwambia wazi kwamba mwendo mrefu umekwisha. Anil alikuja na suluhisho:

"Mama, nitakupeleka na gari. Utashika chungu mapajani. Dakika chache tu."

"Kwa gari hata maziwa yanapelekwa," akasema Mama Sharda, akageukia ukuta. Safari hii hakucheka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa siwezi kukaa bila kufungwa mkanda, na kijiko nilikishika kwa ngumi kama mtoto mchanga. Nikasema:

"Nitakubebea mimi."

Akageuka. Akavaa miwani.

"Shravan ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Nadhiri ile ndiyo iliyonitoa kitandani. Nasema hivyo nikijua kwamba dripu zilifanya kazi yake, na Wim, kiné wangu, yule Mflamand wa mazoezi ya viungo, alifanya yake. Lakini Wim alikuwa akiniuliza kila Jumatatu lengo langu ni nini, nami sikuwa na jibu zaidi ya "kuwa kama zamani". Sasa nilikuwa na barabara: kutoka Galerie d'Ixelles hadi Saint-Gilles, na maji begani.

Maman aliposikia, aliweka mkoba chini.

"Bon. Nisikilize muzuri. Kikundi cha maombi kilifunga kwa ajili yako. Bamaman walikesha. Yesu amekuokoa, na wewe, alors, unaenda kusema aksanti kwa jiwe ya Bahindi?"

"Maman, sibadilishi dini. Ninambebea mtu maji."

"Unamubebea mutu, ao unabebea sanamu?"

Mama Sharda alikuwa kitandani pale pale, anasikia kila neno.

"Mama Furaha," akasema, "mimi sikumwomba."

"Najua haukumuomba, maman. Huyu mutoto haombwaki. Anajipeleka." Akachukua mkoba. "Fanya. Lakini mimi, mule ndani mwa masanamu, sitakanyaga. Na ile chungu siigusi."

Kwa wiki kadhaa mimi na Maman tuliongea kuhusu dawa na nguo tu.

Majira ya machipuko yalifika na mimi nikiwa kati ya vyuma viwili vya sambamba, nikijifunza kusimama. Miguu ilikuwa imekonda hadi soksi zikawa zinateleza. Nywele zangu, mimi msusi, zilikuwa zimekatwa fupi kwa sababu hakuna aliyeweza kuzitunza, na kwenye kioo cha chumba cha mazoezi nilimwona mvulana mwembamba aliyevaa sura yangu. Nilijifunza kufunga kifungo. Siku nilipofunga vyote, vya shati zima, nilivifungua nikafunga tena kwa sababu kola haikukaa sawa, na Wim akashika kichwa. Mama Sharda aliondoka wodini na kiti cha magurudumu, lakini alirudi kila wiki kwa mazoezi ya wagonjwa wa nje, na kila mara alinikuta kwenye korido akapaza sauti: "Bhole! Leo umefika wapi?" Hadi mlangoni. Hadi kwenye lifti. Hadi nje, kwenye benchi, chini ya mti uliokuwa umechanua.

Niliporudi nyumbani Evere, nilitembea na fimbo moja na viatu vizito vya ngozi vyenye kuta za kushika vifundo. Wim alinipa ufito wa ufagio, nikatundika chupa ya maji kila upande. Nilijitungia kanuni zangu. Maji hayagusi chini, kwa hiyo sisimami njiani. Sisimami, kwa hiyo siketi. Siketi, kwa hiyo simpi mtu yeyote anishikie. Na kama nikishindwa moja, yote yameharibika, nafumua, naanza upya. Hakuna aliyeniambia haya. Niliyatoa kichwani mwangu, nikayaogopa kama amri za Musa.

Mwezi wa sita, nilipokwenda hospitalini kwa mazoezi, goti liliachia kwenye korido ya wodi. Nilianguka na ufito, na chupa zote mbili zikapasuka. Wim alinikuta nimekaa kwenye dimbwi nalia. Hakuna kilichovunjika. Nyuma yake, kwenye kiti chake, alikuwepo Mama Sharda.

"Umeumia wapi?"

"Maji yamegusa chini," nikasema. "Nimeharibu. Tafuta mtu mwingine."

"Hayo ni maji ya bomba, mtoto. Hata ng'ombe atayafikiria kwanza."

"Sheria ni sheria. Nilisimama mara nyingi kabla ya kuanguka. Niliegemea ukuta. Siwezi kufika bila kusimama."

Akasogeza kiti chake karibu.

"Bila kusimama? Nani alisema bila kusimama?"

"Si chungu hakigusi ardhi?"

"Ndiyo. Na baba yangu alikuwa njiani siku nyingi. Wewe unadhani hakulala? Hakula? Hakwenda choo?" Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni. "Utakwenda choo na mzega begani, wewe?"

Wim hakuelewa neno lakini naye akaanza kucheka.

Ndipo aliponieleza lile ambalo sikuwa nimeuliza. Barabarani kule kuna kambi. Watu wanafunga turubai kando ya njia, wanapika, wanangoja. Wengine hawawezi kutembea, ni wazee, ni wagonjwa, basi ibada yao ni kuwangojea wanaotembea. Wanawakanda miguu watu wasiowajua. Kuna miti iliyofungwa ya kutundikia mizega. Na kama hakuna mti, Bhole mwingine anashika mzega wako hadi upumzike.

"Maji hayagusi chini kwa sababu kila mara kuna mtu wa kushika," akasema. "Hiyo ndiyo maana yake. Ukikataa kushikiwa, unamnyima mwenzako sehemu yake ya safari. Umeelewa, Bhole, au kichwa nacho kimeota ganzi?"

Nilielewa kwa masikio. Moyoni nilijiambia kwamba ni sawa, lakini mimi nitafika bila kushikiwa.

Jumatatu yenyewe, saluni iliamka mapema. Tantine Béa na wasusi wenzangu waliuchukua ule ufito wa ufagio wakaufanyia kazi: vipande vya kitenge cha rangi ya machungwa, shanga, utepe, na kila upande msuko mrefu wa rasta. Upande mmoja kilining'inia chungu cha Mama Sharda, kidogo, cha shaba, kimefungwa kwa kamba, na upande wa pili kingine cha kulinganisha uzito, vyote na maji yake.

"Mama yangu, on dirait sapin, muti ya Noël," akasema Tantine Béa. "Shiva akikataa hii, uirudishe, tutaweka dirishani."

Mama Sharda alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa sari ya rangi ya zafarani, na Anil nyuma amekunja uso. Niliinua mzega begani. Nilikuwa nimeona haya juu ya viatu vyangu, kwa sababu mahujaji wanatembea pekupeku na Wim alikuwa amenikatalia kabisa.

"Baba yangu alimaliza safari na ndara za tairi," akasema Mama Sharda. "Shiva haangalii viatu. Twende! Bam Bhole!"

"Bam Bhole!" wasusi wakaitikia ule mwito wa mahujaji, na Galerie nzima ikageuka.

Tulitoka Porte de Namur, tukapita madirisha ya maduka ya bei kubwa ambako mlinzi aliniangalia kama mtu anayejaribu kuamua kama niko kwenye orodha ya wahalifu au ya watakatifu. Bibi mmoja mwenye mbwa alimwuliza Mama Sharda kwa adabu kama ni sikukuu.

"C'est lundi, madame," akajibu, yaani ni Jumatatu tu.

Nikamwona Maman. Alikuwa upande wa pili wa barabara, amevaa kitenge chake cha kanisani, mwavuli mkononi, anatembea sambamba na sisi bila kutuangalia, kama mtu aliyetokea tu kuwa na safari ya njia ile ile. Nilipopunguza mwendo, akapunguza. Niliposubiri taa, alisimama kutazama dirisha la duka la mabomba ya vyoo.

Kwenye Chaussée de Charleroi, tramu zikipita ubavuni, mvua ilianza. Kwetu Kivu Julai ni kiangazi, vumbi tupu. Mama Sharda aliinua uso, miwani ikajaa matone, akapiga makofi kama msichana.

"Sasa! Sasa ni Shravan kweli!"

Nilitembea. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kisigino kwanza kama Wim alivyonifundisha. Msuko wa rasta ulinipiga shavuni, na shavu lilihisi, lile lile lililokuwa limelala. Kwa muda nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuisuka vizuri kwa maneno. Nilikuwa mtu anayekwenda mahali.

Kisha tukageuka kuelekea Parvis ya Saint-Gilles, barabara ikawa mteremko wa mawe yaliyolowa. Mteremko ni mbaya kuliko mpando kwa miguu kama yangu. Paja likaanza kuruka lenyewe. Nikakaza meno. Likaruka zaidi. Vyungu vikaanza kucheza, na maji kidogo yakaruka ukingoni, yakadondoka kwenye mkono wangu. Nilisimama. Nilijua kwamba nikiongeza hatua nitaanguka, na nikiketi na mzega begani vyungu vitagusa mawe.

"Nipe mimi!" Mama Sharda akasema, lakini alikuwa amekaa, na kamba zilikuwa ndefu: mikononi mwake vyungu vingeburuzika. Na Anil alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Angekiachia, mama yake angefika stesheni ya Gare du Midi, kule chini, kabla yetu.

Nilitazama upande wa pili wa barabara. Sikuita. Naungama kwamba hata pale, na paja likiruka, nilikuwa bado nahesabu kuita kuwa kushindwa. Lakini nilitazama, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lolote nililowahi kufanya.

Maman alikuwa ameshavuka. Alifunga mwavuli, akampa Anil aushike kwa meno kama akitaka, akanyoosha mikono.

"Leta."

"Maman, ulisema hauigusi."

"Nilisema mule ndani sitakanyaga. Hapa ni mule ndani? Hapa ni trottoir, njia ya batu wote. Leta, mutoto." Aliingiza bega lake chini ya ufito karibu na langu, nikahisi uzito ukiondoka bila vyungu kutikisika. "Nilibeba maji toka ziwani mpaka Kadutu, kule Bukavu, nikiwa na mimba yako. Sikumwaga. Yesu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamuke Musamaria. Ikaa."

Niliketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu. Mama Sharda alisogezwa mbele yangu, akapiga mapaja yake.

"Lete mguu."

"Mama Sharda, hapana. Wewe ni mkubwa wangu."

"Leo wewe ni Bhole. Mimi ni mama wa kambi. Lete mguu."

Akanivua kiatu, akauweka mguu mapajani juu ya sari yake ya sikukuu, akaukanda, kuanzia kisigino kupanda juu, kwa vidole gumba vyenye nguvu. Mvua ilitunyeshea sote. Nililia bila kuficha. Maman alikuwa amesimama katikati ya njia, mzega wa Shiva begani, shanga na rasta zikimdondokea kwenye kitenge cha kanisani, wima kama nguzo, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Watu walimzunguka kupita. Hakusogea hata kidogo.

Paja lilipotulia nikasimama. Maman aliinamisha bega, akanirudishia.

"Chukua. Ni yako. Mimi nimeshika tu."

Hekalu ni chumba kirefu chenye harufu ya samli na udi, na jiwe jeusi lililolainika katikati. Mlangoni viatu vinavuliwa. Wim asinisikie: nilivivua. Maman alisimama kizingitini, ncha za vidole nje kabisa ya mstari, akavichukua viatu vyangu mikononi. Niliingia pekupeku, nikiegemea ukuta wa watu, maana kila niliyempita alinipa mkono, nami kila mkono niliushika. Mama Sharda alisukumwa hadi kando ya jiwe. Tulikishika chungu pamoja, mkono wake juu ya wangu, tukayamwaga maji juu ya jiwe.

Maji yalitiririka upande, mstari ukapinda.

Sikutamani kuufumua.

Basi, wewe uliyelala. Sikuahidi kwamba utatembea. Sina mamlaka hayo, na nimewaona ambao hawakutembea. Lakini kama kuna kitu unakibeba ambacho hakipaswi kugusa chini, angalia upande wa pili wa barabara. Pengine kuna mtu pale anajifanya anatazama mabomba ya vyoo.

Nilipotoka, mvua ilikuwa imekwisha. Maman alikuwa amevikumbatia viatu vyangu ndani ya kitenge chake, visilowe, na yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa. Alivipanga chini mbele yangu, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.

"Bhole," akasema, kama anayemwita mtoto wa jirani aliyezoea kumlisha, "vaa viatu. Njaa inaniuma."